Mnaoanza na maka (alama za DNA) za mpapindi, someni hapa kabla hamjarudi Ngezi

Wadogo zangu, jana nimefungua mifuko ya majani mloleta kutoka msitu wa Ngezi, nikakuta sampuli tano zote GPS moja, moyo ukanipiga paa. Mpapindi, mti wa jamii ya minazi, kwa asili yake uko Pemba tu, jamaa zake wengi wako Madagaska huko, kwa hiyo kila jani mnalochuma lazima litufae.

1. Kichaka kimoja, jani moja. Mpapindi si mnazi, unatoa machipukizi kama mgomba. Ukichuma vigogo vitano vya shina moja umechuma mti mmoja mara tano. Mie nimelilipia hili. Msimu wangu wa mwanzo nilirudi na sampuli 40, furaha tele, nikatoa DNA kwa CTAB, nikaizidisha kwa PCR, matokeo yakaja heterozigoti (zenye alele, yaani matoleo ya DNA, mbili tofauti) zimejaa kupita kiasi, uwiano wa Hardy-Weinberg, ule unaotarajiwa kwa miti inayozaliana bila kuchaguana, umevunjika karibu kila lokasi (mahali pa maka kwenye DNA). Nikazilaumu praima, vile vipande vya DNA vinavyoanzisha PCR! Nikasema hizi zinashika sehemu mbili za jenomu kwa pamoja, nikazitupa moja moja, mikrosatelaiti (maka za DNA inayojirudiarudia) nzuri nilizozihangaikia miezi, nikaagiza nyengine kwa pesa ya mradi, nazo zikaja vilevile. Usiku mmoja ndo nikapanga Excel kwa jenotaipu, yaani alele zote za kila sampuli, badala ya namba ya sampuli, zikajikusanya makundi makundi, alele zilezile kila lokasi, nikafungua daftari la pori nikaona na vichaka ni vilevile. Miti yangu 40 ilikuwa 11. Nilikaa pale mpaka adhana ya alfajiri. Na yule babu aliyetuongoza msituni alishanambia siku ya kwanza, "hili shina moja hili", nikamuitikia ndiyo babu, huku nachuma.

2. Silika ya kukaushia majani ikigeuka rangi badilisheni siku hiyohiyo, unyevu wa masika haungoji.

3. Praima mpya, au zilizotengenezwa kwa jamaa zake wa Madagaska, jaribuni kwanza kwa sampuli nane za vichaka vilivyo mbalimbali. Ikitoka alele moja kwa wote, iacheni, haitwambii kitu. Na kama baadhi ya sampuli hazitoki kabisa rudieni PCR kwanza, huenda ni DNA mbovu, huenda ni alele bubu isiyoshikwa na praima, msikimbilie kuandika sifuri.

Kesho asubuhi njooni na madaftari yenu tupitie GPS moja moja. Zilizorudiwa tutazitia alama, hazitupwi, zitatusaidia kukagua makosa ya jenotaipu, halafu mtarudi msituni kuchuma zilizopungua kabla mvua haijaanza.