Kabla hamjanunua projekta ya vijana

Shalom mtumishi. Umesema vijana wanapungua, waliobaki wanakaa viti vya nyuma na simu zao, na kamati inataka projekta na spika mpya ili kuwavuta. Umeuliza pia mfanye nini na mpiga kinanda aliyekutwa akibeti. Nimelea vijana kanisani kwa miaka mingi, nakujibu kwa niliyoyaona.

Vyombo vizuri havina ubaya. Ila muziki na picha zilizomo kwenye simu ya kijana ni bora kuliko chochote ambacho kamati yenu itanunua, kwa hiyo kwa njia hiyo hamumpati. Anachokikosa kule ni mtu mzima anayemjua kwa jina na asiyeshtuka akiambiwa jambo zito.

Na jambo zito halisemwi waziwazi. Jioni moja tulikuwa tunapanga viti, kijana akaniuliza bila kuniangalia: "Mwalimu, hela ya kubeti nayo inatolewa zaka?" Pale pale ningeweza kumfungulia Malaki 3, penye habari za zaka. Nikamuuliza tu, "Kwani umeshinda ngapi?" Akacheka kidogo. Hajashinda kitu, mkeka wake wa kubeti umechanika, na hela yenyewe alikopa kwenye simu. Tukaendelea na viti vyetu, na kadiri safu zilivyoongezeka deni nalo likazidi kutoka: mkopo wa programu moja ulilipwa kwa mkopo wa nyingine, na wa tatu ulikuwa wa rafiki yake wa kwaya, ndiyo maana alikuwa anakwepa mazoezi. Sisi tulidhani amepoa kiroho. Semina haitoi maneno kama hayo. Yanatoka mikono ikiwa na kazi na macho hayatazamani.

Mengine unayajua: ajira hakuna, picha za utupu, kujilinganisha na maisha ya mitandaoni. Nitasimama kwenye moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya watu saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Hesabu viti vyako. Kijana asiyelala, asiyekula, anayesema afadhali asingezaliwa, aombewe na apelekwe kwa daktari wiki hiyo hiyo. Kumwambia tu akemee roho ya huzuni ni kumwacha peke yake. Na usimwahidi siri kabla hujasikia. Mwambie mapema kwamba maisha yake yakiwa hatarini utawashirikisha wengine. Mazungumzo yafanyike mahali mnapoonekana na watu, kamwe si kwenye chumba kilichofungwa.

Kuhusu wanaosinzia ibadani, soma Matendo 20. Mhubiri alikuwa Paulo mwenyewe, na bado kijana Eutiko alilala dirishani akaanguka kutoka orofa ya tatu. (Mahubiri yalifika usiku wa manane, wachungaji wasikie hilo.) Paulo hakuanza na karipio, alishuka akamkumbatia.

Halafu wapeni kazi halisi. YMCA, chama cha vijana Wakristo, ilianza London mwaka 1844, na George Williams aliyeianzisha alikuwa kijana wa miaka 22 anayefanya kazi duka la vitambaa, akiomba na kusoma Biblia na wenzake wa kazini. Kwenu kijana wa umri huo anapewa nini zaidi ya kuimba na kubeba viti? Waandae wenyewe kipindi cha maswali, wachague mada, nanyi wazee mkae mkao wa kusikiliza. Maswali mengine yatawakera. Yajibuni hivyo hivyo.

Sasa mpiga kinanda. Msimtangaze mbele ya kanisa na msimfukuze. Kama anashika sadaka, apumzishwe kwenye hilo tu, kinanda aendelee nacho. Kaeni naye mkiwa wawili, aandike madeni yote kwenye karatasi, hata yale ya aibu, muone lipi linaanza. Programu za kubeti azifute mwenyewe mkiwepo, na mshahara ukiingia awe na mtu wa kumpigia siku hiyo, maana siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Wazazi wasikie habari hii kutoka kinywani mwake, wewe ukiwa umekaa pembeni yake. Ni yeye tu, au kuna wenzake anaocheza nao?