Mtoto wa miaka 3 kukimbia hadithi maktaba

Dada, umeuliza kwa nini mwanao wa miaka 3 huinuka na kukimbia katikati ya hadithi pale maktaba, hapa Mwanza. Umri huo dakika 5 hadi 10 zinamtosha. Ukimlazimisha anaweza kukichukia kitabu. Mlete akiwa ameshiba na amelala vya kutosha, mpakate, picha ziwe usawa wa macho yake. Usisome kila neno. Gusa picha, uliza, "Huyu samaki sato anakwenda wapi?" kisha nyamaza, hesabu moyoni hadi 5. Hapo ndipo wazazi wengi tunapokosea: tunajibu wenyewe, mtoto bado analitafuta neno mdomoni. Kama nyumbani mnaongea Kisukuma, mwelezee kwa Kisukuma, tena bila wasiwasi, hakimharibii Kiswahili. Akidai kitabu kilekile kila siku, mpe.