Usilipe sanduku la vitabu 52 kabla hujajua unasoma kurasa ngapi kwa siku

Usilipe hiyo pesa!

Umesema uko Langoni, Lamu, unaanza Januari, unataka vitabu 52 kwa mwaka, kimoja kila wiki, na muuzaji wa Mombasa yuko tayari kukufungashia vyote kwa bei ya jumla vije na basi hadi Mokowe, gati ya bara tunakovukia. Kisha umeuliza programu ya simu ya kuwekea rekodi, kama uchanganye Kiswahili na Kiingereza, na utawapata wapi wenzako wa kusoma nao. Hayo yatangoja. Sanduku ndilo litakalokumaliza.

Piga hesabu. Riwaya tuseme ina kurasa 250. Mara 52 ni kurasa 13,000. Gawa kwa siku 365, unapata karibu kurasa 36 kila siku, iwe siku ya harusi au ya homa. Kwa dakika mbili ukurasa, hiyo ni saa moja na dakika 12 bila kukosa. Na Ramadhani je? Mwezi huo wakati wako ni wa Msahafu. Toa siku hizo, toa za Maulidi, za safari na za kuuguza, zikabaki 300: ushafika kurasa 43 kwa siku. Nani aliyekwambia una nafasi hiyo?

Ni hawa wanaopiga picha rundo la vitabu kila Desemba na kuandika "wiki moja, kitabu kimoja", wala hawataji kurasa. Wananiudhi sana. Hiyo 52 imetoka kwenye kalenda, haikutoka kwenye macho wala kazi ya mtu yeyote. Wauzaji nao wameidaka, maana ukishanunua 52 biashara yao imekwisha. Usome usisome, ni shauri yako.

Yanayofuata huwa ni yaleyale. Januari inakwenda vizuri. Februari unakutana na kitabu kinene, wiki inakatika uko ukurasa wa 180, na cha wiki ya pili kinakungoja. Deni likifika vitabu vitatu unaanza kutafuta vyembamba vya kurasa 80 ili namba isogee. Unaruka sura. Utenzi wa beti mia, unaotaka usomwe kwa sauti na kurudiwa, unaumaliza kwa kikao kimoja ili nao uhesabiwe kitabu. Aprili ikifika watu wengi wameshaacha, na sanduku halijasomwa hata nusu.

Hapo ndipo inapoingia hasara ya huku kwetu, ambayo mtu wa Nairobi haijui. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu, na chumvi ya hewa ya bahari huvuta maji. Masika ikianza, kitabu kilichogusa ukuta au kilichosukumwa ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, huharibika mgongoni kwanza: gundi inalegea, jalada linapinda, kisha vidoa vya ukungu vinatambaa kutoka kwenye mshono kuelekea maandishi. Sanduku la karatasi sakafuni linaita mchwa, na mende wanakula gundi. Vya chini kabisa ndivyo ulivyopanga kuvisoma Oktoba na Novemba. Vinaoza hujavifungua! Wengine huvifunga nailoni wakidhani wanavihifadhi, kumbe wanafungia unyevu ndani. Nailoni ni ya kuvukia kutoka Mokowe, maji ya chumvi yasiruke ndani ya boti yakavilowesha. Ukifika nyumbani ivue siku hiyohiyo.

Kwa hiyo shika hili, hata ukiacha mengine yote: lengo liwe la kurasa kwa siku, na idadi yake uipate kwa kupima. Chukua kitabu kimoja unachokipenda. Siku 7, wakati uleule, baada ya Alfajiri au baada ya Isha, soma dakika 40. Saa ikilia acha, andika tarehe kwa penseli pembeni ya mstari ulipofika. Jumlisha kurasa, gawa kwa 7, kisha punguza robo, kwa sababu wiki ya kwanza kila mtu ana hamu. Ukipata 20, lengo lako ni 15, yaani nusu saa. Kurasa 15 kwa siku 300 ni 4,500, na hivyo ni vitabu 18 vya kurasa 250, vimesomwa kweli.

Wala si jambo geni kwetu. Anayetaka kukhitimisha Qur'ani Ramadhani hufanya hivihivi. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, juzuu 30, kila juzuu karibu kurasa 20. Anasoma kurasa 4 baada ya kila sala ya faradhi, na mwezi ukiandama wa Shawwal amekhitimisha. Watoto wa chuo cha Qur'ani wanaijua hesabu hii.

Siku ukikosa, usifidie. Kesho ni 15, si 30, kwa sababu kufidia ndiko kunakozaa deni. Ukikosa siku tatu mfululizo, shuka hadi 10 kwa wiki nzima ndipo upande tena. Kitabu kisipokushika hadi ukurasa wa 50, kiweke chini. Zile 50 bado ni zako, zinahesabiwa. Anayehesabu vitabu hawezi kufanya hivyo, ndiyo maana anajiburuta na kitabu kibaya mwezi mzima.

Nyumbani viwe viwili tu, kimoja mkononi na kimoja kinangoja. Visimamishe bila kuvibana, vidole viwili kutoka ukutani. Mara moja kwa wiki vifungue kivulini penye upepo, si juani, jua hukausha gundi. Ukungu ukishaingia, kitoe nje, ziba pua, piga brashi laini kavu. Usipitishe kitambaa cha maji kabisa. Kabla ya kununua cha tatu, kaangalie kwanza maktaba ya pale kwenye Ngome ya Lamu.

Rekodi iandike kwenye daftari: tarehe, kitabu, ukurasa wa kuanzia, wa kuishia.

Mpigie huyo muuzaji leo kabla hajafungasha. Mwambie unataka viwili, na utavichagua mwenyewe. Akisema viwili havina bei ya jumla, lipa rejareja.