Mstari mwingine uko wapi?

Wadogo zangu, wiki hii nimepitia kazi zenu tatu za kusoma picha za milipuko ya redio ya Jua (muda dhidi ya masafa) na zote zina kosa langu la zamani lilelile, basi naandika mara moja nisije nikakauka koo.

1. Saa ya mashine ni UT (saa ya dunia), ukitumia ya ukutani toa masaa 3 kwanza.

2. Ile mistari iliyonyooka kati ya 88 na 108 MHz ni stesheni za FM, achaneni nayo jamani!

3. Hapa ndo penyewe. Elektroni zikitimuliwa zinaitikisa plazma (gesi yenye chaji) ya korona, yaani anga la nje la Jua, nayo inatetemeka kwa masafa yanayotegemea msongamano wa pale (hesabu elektroni kwa sentimita moja ya ujazo, kipeuo chake cha pili mara 9, unapata kHz), redio inatoka kwa masafa hayo na kwa maradufu yake. Juu plazma ni nyepesi, ndo maana mstari unashuka. Milipuko ina aina zake: elektroni za aina ya III zinakimbia hata theluthi ya kasi ya mwanga, sekunde chache imeisha, aina ya II ni wimbi la mshtuko, linajikokota dakika kadhaa.

Sasa mwaka wangu wa kwanza nikapata aina ya II safi kabisa, 80 MHz ikishuka taratibu mpaka 50, mstari mmoja tu. Nikasema huu ndo wa msingi, nikapiga hesabu, elektroni milioni 79 kwa sentimita moja ya ujazo, nikaingiza kwenye modeli ya Newkirk (inayogeuza msongamano kuwa kimo juu ya Jua) nikapata kimo, nikapata kasi, ripoti ikaenda kwa watu usiku uleule. Asubuhi msimamizi kaweka kidole ukingo wa chini wa picha, "Hapa chini kuna nini?" Hakuna kitu, nikajibu. Akanyamaza, kidole hakitoki. Callisto yetu, mashine ya kupokea redio hizi, inaanzia 45! Tukaomba data ya stesheni inayofika 20, na mstari wa msingi huo hapo, unaanza 40. Mimi nilishika maradufu. Msongamano wa kweli ni robo ya wangu, mshtuko uko juu zaidi na una kasi kuliko nilivyoandika, nikawaandikia wote mmoja mmoja kuomba radhi, na mpaka leo inaniuma.

4. Aina ya IV tutaongea siku nyingine, zile elektroni zimenaswa kwenye sumaku, hesabu yake siyo hii.

Na wewe wa ile ya Jumanne inayoanzia 70, kazi yako nzuri, ila niletee data ya 35 kwanza ndo tuongee kasi.