Kurunzi ya LED inayofifia pangoni

Sheikh, kuhusu kurunzi uliyouliza: ikiwa betri bado inasoma volti 3.8 na kurunzi yako ya wati 10 inafifia dakika chache tu ndani ya pango la Mangapwani kule Unguja, yaelekea tatizo ni joto. Unasema LED (kile kitaa chenyewe kinachotoa mwanga) umeibandika kwenye plastiki kwa gundi. Joto litoke wapi? Ing'oe, kwangua gundi yote, sugua kipande kinene cha alumini kwa msasa mpaka kilale sawasawa, paka pesti ya joto (ile ya kupitisha joto kutoka LED kwenda kwenye alumini), nyembamba sana (ikizidi inazuia joto), kisha ifunge LED juu yake kwa skrubu mbili. Mkondo wa umeme unaoingia kwenye LED ushushe hadi ampea 2.5. Betri mbili za 18650 (zile za lithiamu za mviringo, za kuchaji) ukiziunga sambamba, hakikisha kwanza volti zao zinalingana. Na kurunzi ya akiba usiiache nyumbani, tafadhali.