Taa za ukumbi zinakesha bure

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma mwaka wa pili, Morogoro. Kila nikitoka kujisomea usiku nakuta taa za ukumbi wa mihadhara zinawaka, ndani hamna mtu. Wenzangu wanasema tudai sola. Tuanzie hapo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Sola ni nzuri. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, tangu 2014 kina paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake. Lakini usiwawekee sola watu wanaomwaga umeme, utanunua paneli nyingi bure.

Kesho ingia ukumbini uhesabu tyubu. Zikiwa 40 za wati 36, zikawaka kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, hizo ni uniti 11 na nusu kwa usiku mmoja. Kisha tazama swichi. Mimi nimefanya kazi ya umeme vyuoni miaka mingi, na mara nyingi nakuta swichi moja inawasha ukumbi mzima, tena ipo nyuma ya jukwaa, gizani. Mwanafunzi wa mwisho kutoka ataifikiaje? Omba zigawanywe safu kwa safu na moja iwekwe mlangoni. Tyubu ikiungua, iwekwe ya LED ya wati 18.

Hosteli nazo, hita za kuchemshia maji kwenye ndoo zinaniumiza roho. Kila moja inakula zaidi ya wati 1,000, na nimeshaona soketi zilizoyeyuka. Hapo sasa dai sola: ya kupasha maji, juu ya paa.