Maswali yenu ya mtandao: seva zinapoongea na meinfremu

Juma hili barua zote zimeelekea kwenye meinfremu, zile kompyuta kubwa ambazo benki na kampuni za bima za ng'ambo hazijaziacha. Hapa Lubumbashi wengi wetu hatujawahi kuigusa hata moja. Sisi tunashika seva za upande huu tu.

Papa, meinfremu ya washirika wetu iko Ubelgiji. Wanatuuliza tuongee nayo kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) ipi: SNA au TCP/IP? Tujibu nini? (Mhandisi, Kampemba)

Jibuni TCP/IP, ile ya intaneti. Ila waulizeni kwanza programu mtakayoongea nayo inapokea maombi kwa njia gani. SNA ni mfumo wa IBM wa mwaka 1974, na programu nyingine za zamani zinaujua huo tu. Ipo njia ya kuusafirisha juu ya IP: Enterprise Extender hubeba SNA ndani ya pakiti za UDP (njia nyepesi ya kutuma data juu ya IP), kwa poti, yaani milango ya namba, 12000 hadi 12004. Lakini hapo pande zote mbili lazima ziwe zinajua SNA. Kama seva yenu ya Linux haiijui, daraja walijenge wao, kwao. Msinunue programu nzima ya SNA kwa ajili ya muunganisho mmoja.

Kaka, ofisi yetu ya Kolwezi inapitia setilaiti, na mteja mmoja anangoja karibu nusu dakika. Tubadilishe itifaki?

Hapana. Kama ni setilaiti ile inayoonekana kutulia mahali pamoja angani, iko takriban km 36,000 juu ya ikweta. Swali kwenda na jibu kurudi hula nusu sekunde na ushee, hata mkilipia kasi kubwa zaidi. Programu ikiuliza jina, kisha anwani, kisha salio, mpaka mara arobaini, zimeshapita sekunde ishirini. Iandikeni upya iulize yote kwa mkupuo mmoja. (Niliwahi kumlaumu mtoa intaneti wiki nzima, kumbe kosa lilikuwa kitanzi cha programu, cha kurudiarudia maswali, nilichokiandika kwa mkono wangu.)

Mimi ni mhasibu, Katuba. Faili tunayoletewa kwa FTP (njia ya kuhamishia faili mtandaoni) inasomeka, ila pesa si sahihi, na Bénédicte anafika akiwa B{n{dicte. Ni virusi?

Si virusi, dada. Meinfremu huandika kwa EBCDIC, mpangilio wake wa kuzipa herufi namba: A yake ni C1, wakati kwetu ni 41 (namba hizi ni za heksadesimali). FTP ikiambiwa faili ni maandishi, hutafsiri kila baiti inayokutana nayo, hata ile isiyo herufi. Sasa, programu za COBOL, lugha ya zamani ya kuandikia programu, mara nyingi hubana tarakimu mbili katika baiti moja. Kiasi cha 12345 kinakaa hivi: 12 34 5C, hiyo C ikiwa alama ya chanya. FTP inaiona 5C, inadhani ni nyota, inaweka nyota ya kwetu: 2A. Tano yako imeshakuwa mbili, na hakuna onyo lolote lililotokea. Omba faili itumwe kama baiti tupu, bila tafsiri, pamoja na maelezo ya rekodi ya COBOL, kisha fundi wenu atafsiri sehemu kwa sehemu.

Bénédicte naye ameponzwa na jedwali la herufi. Katika jedwali 297, la Ufaransa, é ni C0; katika 037, la Marekani, C0 hiyohiyo ni {. Kubalianeni jedwali moja, tena kwa maandishi.

Nimesoma kwamba HiperSockets ni za haraka kuliko waya wowote. Tuzitumie? (Mwanafunzi)

Hazitoki nje ya mashine, mwanangu. Ni kumbukumbu inayoigiza mtandao kati ya mifumo iliyo ndani ya meinfremu ileile.

Umeme ukikatika katikati ya malipo, je?

Hapo tumieni MQ, programu ya IBM ya foleni za ujumbe, ambayo poti yake ya kawaida ni 1414. Ujumbe unakaa kwenye foleni mpaka upande wa pili uuchukue. Lakini programu yenu iuweke alama ya kudumu. Bila hiyo, foleni ikizimika ghafla, ujumbe unaweza kupotea nayo. Na jaribuni wenyewe kuchomoa waya wa umeme kabla SNEL haijawajaribia.